Kikao Alichoongoza Marehemu

Baba yangu alikufa wakati wa mvua, akazikwa, na kabla kiangazi hakijaisha alikuwa ameshaongoza kikao cha ukoo kuhusu mirathi yake mwenyewe. Muhtasari wa kikao hicho ninao hadi leo. Niliuandika mimi kwa mkono wangu, na ingawa ninajisifu, ni mwandiko mzuri. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kule Peramiho, na mwalimu wa darasa la tatu akiwa na mwandiko mbaya watoto wenyewe watamshtaki kwa mwalimu mkuu.

Nieleze kwanza ilivyokuwa, maana nikiwasimulia watu wa mikoa mingine hudhani natunga.

Upande wa baba yangu, mtu akifa jina lake halizikwi. Siku ya kumaliza matanga wazee humchagua ndugu mmoja, humkalisha mkekani, humvika nguo ya marehemu na kumpa jina. Tangu saa hiyo yeye ndiye marehemu. Hamwakilishi wala hamkumbushi, ndiye. Wajukuu watamwita babu, watoto watamwita baba, na atakayeteleza akamwita kwa jina lake la zamani atatozwa kuku. Ni desturi nzuri na inapoza uchungu kweli. Kasoro yake ni moja tu: walioitunga hawakuwahi kufika Mahakama ya Mwanzo.

Jina la baba alipewa baba mdogo, kitinda mimba wao, mkulima wa mahindi kule Madaba. Jina lenyewe silitaji humu. Kwa kisa hiki hasa, nikilitaja nitakuwa nimetaja watu wawili, na mmoja hawezi kuja kulalamika.

Baba alikuwa mrefu, mnene, na maneno alikuwa akiyatoa kwa kijiko. Baba mdogo ni mfupi, mkavu, na hanyamazi hata akiwa anatafuna. Shangazi, dada yao mkubwa, ndiye aliyeendesha shughuli. Alimvika koti la baba, koti zito la kijivu ambalo baba alilinunua mnadani mitumba ilipoanza kuruhusiwa na kila mtu Songea akavaa ghafla kama mtu wa nchi za theluji. Kwa baba lilikuwa koti. Kwa baba mdogo lilifika chini ya magoti na mikono yake ikameza vidole vyote. Akapewa na fimbo. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga magoti mbele ya lile koti nikasema, "Shikamoo baba," na machozi yakanitoka ya kweli.

"Marahaba mwanangu," akajibu, kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Wengine wanaopewa majina huitikia siku mbili tatu, kisha wanarudi mashambani kwao. Baba mdogo yeye alihamia ndani ya jina na vyombo vyake vyote. Alikalia kiti cha baba. Alidai kikombe cha baba, kile cha bati chenye ua. Baada ya wiki alianza kulalamikia goti, goti la kushoto, ambalo miaka yote lilikuwa likimsumbua baba na si yeye. Alikwenda kwa padre kuomba kitabu cha ubatizo kirekebishwe, na padre akamwambia kwamba kazi ya kufufua watu ina mwenyewe. Mtu akimwita kwa jina lake la zamani, aligeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

"Shemeji," mama alimwambia siku moja akimwangalia anavyochechemea, "hilo goti ungemwachia mwenyewe."

Habari za kurithi wajane ukoo wetu ulishaachana nazo, na baba mdogo alikuwa na mke wake Madaba ambaye angemvunja hilo goti na la pili. Kwa hiyo upande huo hatukuwa na hofu. Hofu yetu ilikuwa nyumba.

Nyumba ya baba iko Ruhuwiko. Aliijenga kwa miaka mingi akiwa karani wa ghala la tumbaku. Sehemu ya chini aliijenga enzi za vibali, wakati mfuko wa saruji ulihitaji karatasi tatu na mjomba ofisini. Sehemu ya juu aliijenga baada ya biashara kufunguliwa, saruji ikawa inauzwa hata kwenye duka la khanga. Ukisimama barabarani unaona mstari usawa wa madirisha: chini kijivu kilichokolea, juu kijivu cheupe cheupe. Majirani walikuwa wakiwaelekeza wageni kwa mstari huo.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliitaka nyumba hiyo aifanye gesti. Miaka ile kila mwenye viti sita na kitanda alikuwa anafungua gesti Songea, sijui walidhani wageni watatokea wapi. Alikuwa amezungumza na baba mdogo mara mbili, na mara zote mbili alimwita "mzee mwenye nyumba". Kwa mtu aliyekuwa anaitwa "wewe" maisha yake yote, hiyo ilitosha kabisa.

"Jina nimepewa mbele ya watu," alituambia. "Nyumba iko kwa jina gani? Someni hati."

Tukasoma hati. Ilikuwa kwa jina lake.

Mama hakuwa anaomba kitu kingine duniani. Cherehani yake ilikuwa barazani, migomba yake nyuma ya nyumba, na alitaka afie hapo. "Mimi nitakwenda wapi?" alikuwa akiniuliza. "Kwetu Mbinga walishagawana mpaka kivuli." Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na neno la kushikilia. Baba hakuandika wosia. Wala hakuwahi kumwambia kwa mdomo, nyumba hii ni yako. Miaka yote ile hakumwambia neno la namna hiyo hata moja, kwa sababu hakuwa mtu wa kuambia watu mambo.

Ofisi ya ardhi wakasema hawawezi kugusa hati mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikashuka mjini.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, mojawapo ikiandika. Alinieleza taratibu vizuri: nilete cheti cha kifo, na nilete muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wote, unaomteua msimamizi. Kisha tangazo litabandikwa ubaoni siku tisini, na asipotokea mwenye pingamizi, kazi imekwisha. "Jambo dogo, dada," akasema. Nimejifunza tangu siku ile kumwogopa mtu wa ofisini anayesema jambo ni dogo.

Kikao tukakifanya barazani Ruhuwiko, tukachinja mbuzi. Nikateuliwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Kabla sijaandika mstari wa kwanza, shangazi akavuta kigoda akakaa ubavuni mwangu. Shangazi hajui kusoma, lakini anajua unapodanganya.

"Mwenyekiti umemwandika nani?"

Nikamtajia baba mdogo kwa jina lake la zamani, taratibu, nikidhani itapita.

"Kuku," akasema shangazi.

"Shangazi, hii ni karatasi ya serikali."

"Basi kuku wa serikali. Aliyekaa pale ni nani? Si dadi yako huyo, baba yako? Tulimpa jina usiku wa manane tukiwa tumelewa? Tulimpa mchana, watu wanaona! Andika."

Nikaandika. Ningefanyaje? Tulikuwa watu ishirini na wawili, wote wanamwita hivyo, na mwenyewe amekaa pale katika koti akijikohoza. Na nikishaanza kuandika jambo huwa naliandika lote, ndiyo tabia yangu mbaya. Kwa hiyo muhtasari ulionyesha kwamba aliyefungua kikao ni baba yangu mzazi, kwa jina lake kamili, naye alifungua kwa sala ya kujiombea mwenyewe pumziko la milele. Ajenda ya pili, mwenyekiti aliwashukuru wote waliohudhuria mazishi yake. Ajenda ya tatu, nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Baba mdogo aliunga mkono, maana kuzunguka maofisini si kazi ya mtu mwenye goti. Ajenda ya nne, nyumba. Hapo sauti zilipanda, shangazi akasema hivi, wajomba wakasema vile, na suala likaahirishwa kwa sababu nyama ilikuwa imeiva. Ajenda ya tano ilihusu kichwa cha mbuzi na nani mwenye haki nacho. Hiyo peke yake ilichukua kurasa mbili, na ndiyo ajenda pekee ya mali tuliyoimaliza kwa makubaliano.

Wote wakatia sahihi. Baba mdogo alitia ya kwanza, akiwa ameifanyia mazoezi kutoka kwenye barua za zamani za baba, na niseme ukweli aliipata mpaka ule mkia.

Karani aliusoma muhtasari akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akavuta kiti.

"Dada, huyu mwenyekiti ni nani?"

"Ni baba."

"Na marehemu?"

"Ni baba."

"Baba mwingine?"

"Huyo huyo. Yaani siyo huyo. Ni mdogo wake, lakini sasa ni yeye."

Akanitazama, akatazama cheti cha kifo, akatazama sahihi. Kisha akamwita mwenzake wa masijala, wakasoma pamoja. Kwenye ile sala ya kufungulia kikao mwenzake alitoka nje akashika nguzo ya baraza. Karani yeye alijitahidi, akavumilia mpaka kwenye kichwa cha mbuzi, hapo akaegemea kabati la mafaili na mabega yakawa yanamtikisika. Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi. Nimezoea kuchekwa na watoto, lakini watoto unaweza kuwaambia wanyooshe mikono juu.

"Mie Mngoni, dada, haya mambo nayajua," akasema akijifuta macho. "Hata kwetu babu yangu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Lakini hakimu hawezi kupokea hii. Andikeni upya, kila mtu kwa jina lake la kuzaliwa."

Nikapanda basi la Njombe, nikashuka Madaba. Nilimkuta baba mdogo shambani, na lile koti kalitundika kwenye mti ili lisichafuke. Alipoiona karatasi mpya yenye jina lake la zamani, akairudisha kana kwamba ina moto.

"Mwanangu, wewe mwalimu. Unataka nighushi?"

"Baba, ni jina lako la ubatizo."

"Huyo mtu simjui. Alikuwepo, hayupo. Nikitia sahihi ya mtu ambaye hayupo, si ndiyo watanifunga?"

Tulibishana mpaka jua likawa utosini. Mke wake alituletea magimbi, akatusikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Mwishowe ni yeye aliyetuokoa, alipokuja kuchukua sahani na kuuliza kwa nini asiweke kidole. Tukatazamana. Kidole hakikuwa kimebadilishwa jina. Nikatoa kidau cha wino niliokuwa natumia shuleni, baba mdogo akabonyeza dole gumba kwa heshima zote, na chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: mdogo wa marehemu.

Karani akapokea. Tangazo likabandikwa ubaoni, kati ya tangazo la baiskeli iliyookotwa na la mtu aliyekuwa anatafutwa na mkewe. Kila nilipoteremka mjini nilipita kulitazama. Upepo uliling'oa pembe moja, jua likalifanya rangi ya chai, lakini jina la baba lilisomeka. Mama alihesabu siku kwa punje za mahindi ndani ya kibuyu. Zilipofika themanini akaanza kushona mapazia mapya, kitambaa cha maua mekundu, na nikamsikia akiimba kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nikaanza kuamini kwamba kweli lilikuwa jambo dogo.

Siku ya themanini na nane karani alituma ujumbe kwa kondakta wa basi la Peramiho niende haraka.

"Pingamizi limeingia," akasema. Safari hii hakucheka, au alikuwa ameshacheka kabla sijafika. "Ila kuna tatizo la jalada. Nimeandika juu hapa: mirathi ya marehemu fulani. Mwombaji, binti wa fulani. Sasa mpinzani naye ni fulani. Miaka yangu yote hapa sijaona marehemu akijitokeza kujipinga."

Barua ilikuwa imepigwa taipu na mmoja wa wale wapiga chapa wa karibu na soko, na niliitambua sauti ya mfanyabiashara wa gesti nyuma yake. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa wa baba mdogo mwenyewe, hakuna mwingine ambaye angeweza kuutunga: *Mimi ninayetajwa katika tangazo hilo kuwa marehemu, napinga mirathi yangu kusimamiwa na mtu mwingine wakati mwenyewe nipo.* Chini ilikuwa ile sahihi, na mkia wake.

Nilimchukia siku ile. Nasema wazi. Nilirudi Ruhuwiko nikamkuta mama ameshasikia, ameyashusha yale mapazia ambayo hayakuwa yamemaliza hata wiki moja dirishani, anayakunja. Alikuwa anakunja na vitambaa vya viti. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akijihamisha mwenyewe kabla hajafukuzwa. Nilimwambia aache, akasema anatoa vumbi tu.

Siku ya shauri chumba cha mahakama kilijaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mtu kafufuka, na watu ambao hawakuwa na kesi yoyote walikuja na kukaa kwenye mabenchi na njugu zao. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyeonekana hajalala vizuri. Pembeni yake walikaa wazee wa baraza wawili, mzee mmoja aliyekuwa anasinzia, na bibi mmoja wa mjini hapa aliyevaa kitenge kipya na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Baba mdogo alipanda kizimbani amevaa koti. Lilikuwa joto la mwezi wa kumi, jasho linamshuka mpaka kwenye kola, lakini hakulegeza hata kifungo. Aliapa kwa Biblia.

"Jina lako?" hakimu akauliza.

Akataja jina la baba.

"Umri?"

Akataja umri wa baba.

"Una watoto wangapi?"

"Wanne, mheshimiwa. Na wengine watano."

"Jumla tisa?"

"Wanne wa Madaba na watano wa Ruhuwiko. Ndiyo, tisa." Akanielekezea fimbo. "Yule pale ni wa kwanza. Mwalimu."

Hakimu akageuza karatasi, akaitazama kwa muda, na naona hakuwa na njia nyingine, maana jalada ndivyo lilivyosema.

"Ulifariki lini?"

Baba mdogo akafikiri. Alitaka kujibu kwa usahihi, alikuwa ameapa. "Wakati wa mvua, mheshimiwa. Siku ya Jumanne. Nilianza kuumwa Jumapili baada ya misa."

Chumba kikalipuka. Hakimu akagonga meza, karani akainama chini kama mtu aliyeangusha kalamu na akakaa huko huko. Hata mzee wa baraza aliyekuwa anasinzia akaamka akauliza kuna nini. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mama. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya mapaja, na kila jina la baba lilipotajwa alifumba macho kidogo.

Hakimu aliomba utulivu, akaanza kueleza taratibu kwamba sheria na desturi ni mambo mawili, kwamba jina na mali ni mambo mawili. Alikuwa anaeleza vizuri, lakini baba mdogo alitikisa kichwa kwa kila sentensi. Mwisho hakimu akachoka. Akawageukia wazee wa baraza kuuliza kama wana swali.

Bibi yule akarekebisha miwani yake.

"Mimi ninalo. Lakini, mheshimiwa, mimi sitaki kumuuliza huyu mkulima wa Madaba. Naomba nimuulize mwenye jina."

Hakimu akanyanyua mikono, maana yake endelea.

"Mzee, shikamoo," bibi akamwambia, ingawa alikuwa amemzidi umri kwa mbali. "Umeapa. Na walokuvika hilo koti wamekuvika mbele ya Mungu na ya watu, mimi kwetu hivyo hivyo. Kwa hiyo sikuulizi ya ndugu yako, nakuuliza ya kwako. Ile nyumba, ulikuwa unamjengea nani?"

"Nyumba ni yangu," baba mdogo akasema haraka.

"Najua ni yako. Nauliza ulikuwa unamjengea nani."

Mtu asiyenyamaza akanyamaza. Alitazama fimbo yake, akatazama mikono ya koti, akaivuta juu kidogo vidole vikatokea. Watu wakaacha kutafuna njugu. Nilidhani ataanza tena ya hati na ya jina, na nilikuwa nimeshakaza meno kumjibu.

"Siku ya kupaua," akaanza, na sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa ile nzito ya mkekani wala ile yake ya kila siku. "Siku ya kupaua tulikuwa wawili juu. Mimi na mdogo wangu kutoka Madaba. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Mama watoto alikuwa chini, anatupandishia bati moja moja kwa kamba, na mtoto mgongoni. Hata maji ya kufyatulia matofali aliyabeba yeye, tangu mtoni, miaka yote ile. Nikatoa misumari mdomoni. Nikamwambia mdogo wangu, unamwona yule? Nyumba hii ni yake. Mimi nikitangulia, asije mtu akamwondoa. Nikamwambia, hata wewe. Kisha nikarudisha misumari mdomoni, tukaendelea."

Hakuna aliyecheka. Nikajua kwamba haya hayakutungwa na baba mdogo. Yeye hutunga marefu. Haya yalikuwa mafupi, yana misumari ndani yake, yalikuwa ya baba kabisa, na alikuwa ameyabeba tangu siku ile pale juu ya paa bila kumwambia mtu. Chuki yote niliyokuwa nayo ikaniishia hapo hapo. Nililia kwa sauti, mwalimu mzima, mbele ya watu wenye njugu.

"Kwa hiyo pingamizi lako?" hakimu akauliza, taratibu sana.

"Nimeshajipinga, mheshimiwa. Futa."

Mama alikuwa amesimama. Mahakamani huruhusiwi kusimama na kusema bila kuitwa, na askari wa mlangoni alipiga hatua moja mbele, lakini hakimu akamzuia kwa mkono. Mama hakumtazama hakimu. Alimtazama yule mtu mfupi ndani ya lile koti kubwa.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza. "Siku zote hizo. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," akasema.

Karani akainua kichwa, akauliza kama na hilo aliandike. Hakimu akamwambia aandike.